Risala ya Wanafunzi wa Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Sayansi, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, shikamooni. Wanafunzi wenzetu, habari za mchana.

Karibu sana, Mheshimiwa. Masomo haya darasani tunayasoma kwa Kiingereza, lakini risala hii tumeiandika kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Wazazi waliokaa hapa ndio walionunua madaftari, na wengi hawajawahi kumsikia mtoto wao akieleza kilichomo.

Mada yetu, jinsi msuli ulioumia unavyojijenga upya, ilianzia uwanjani. Muhula uliopita mwenzetu alichanika msuli wa nyuma ya paja katika mechi ya madarasa. Jioni hiyohiyo tukamkanda kwa maji ya moto, na siku ya tatu tukamwambia akimbie kidogo "damu itembee". Paja likavimba upya, akachechemea wiki kadhaa. Nia ilikuwa njema, ila tulipokaa na mwalimu wa baiolojia swali likawa moja: siku hizo tatu, msuli wenyewe ulikuwa unafanya nini?

Ulikuwa bado unafagia. Seli nyeupe za damu hutangulia kuondoa mabaki ya nyuzi zilizokatika, na wajenzi ndio kwanza wanaamka. Wajenzi hao ni seli setilaiti, alizozieleza Alexander Mauro mwaka 1961 alipokuwa akichunguza msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni. Hulala ubavuni mwa uzi wa msuli, zimebanwa kati ya utando wa uzi na ala yake ya nje, na zinaweza kukaa hivyo muda mrefu bila kugawanyika. Msuli ukiumia huamka, huzaana, kisha huungana kuwa nyuzi mpya au kuziba zilizoharibika. Chache hurudi kulala, akiba ya jeraha lingine.

Sisi tulidhani seli iliyolala ni tupu. Kumbe maelekezo yamo tayari! Mwaka 2012 watafiti waliofanya kazi Paris walionyesha, kwa panya, kwamba RNA mjumbe, yaani nakala ya maelekezo ya jeni, ya protini iitwayo Myf5, mojawapo ya zile zinazoielekeza seli kwenye kazi ya misuli, imekwisha kunakiliwa lakini imefungiwa ndani ya chembechembe ndogo, huku kipande kifupi cha RNA, miR-31, kikizuia isisomwe. Seli ikiamka, kifungo hulegea na protini hutengenezwa bila kusubiri nakala mpya. Zaidi ya hapo, kazi nzima ya ribosomu, mitambo ya seli inayosoma nakala hizo na kutengeneza protini, imepunguzwa kasi, kwa sababu kianzishi chake kimoja, eIF2, kimebandikwa fosfeti, alama ndogo ya kikemikali inayokizuia.

Mtu wa Kibirizi jambo hili halimpi shida. Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, basi mitumbwi hulala ufukweni. Nyavu zimeshonwa, taa zimechajiwa, wavuvi wapo wanacheza bao. Kinachosubiriwa ni giza.

Ujenzi ukishaanza, kasi yake hushikwa na protini nyingine, mTOR. Hii husikiliza mambo mengi kwa pamoja: chakula kimefika? homoni za ukuaji zipo? msuli unafanyishwa kazi? Ikiridhika, humwondoa mlinzi aitwaye 4E-BP1, aliyekuwa amekishikilia kiungo kinachodaka kichwa cha RNA mjumbe ili ribosomu ianze kusoma. Leusini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, ni mojawapo ya habari ambazo mTOR huzipokea, na leusini imo kwenye dagaa, mayai na maharage. Jina mTOR limetokana na rapamaisini, dawa iliyopatikana kwa bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, kwa kuwa ndiyo inayoizuia. Panya waliojeruhiwa msuli wakapewa dawa hiyo, nyuzi zao mpya hubaki nyembamba.

Kuna breki nyingine ya ukuaji wa msuli, protini iitwayo mayostatini, iliyotambuliwa mwaka 1997. Ng'ombe wa Belgian Blue wana jeni yake yenye hitilafu, ndiyo maana wamejaa minofu kupita kiasi. Picha yao ipo ukutani. Mzee mmoja aliyepita jana alisema huyo si ng'ombe, ni gunia.

Mheshimiwa, kuna tuliyoyaona kwa macho yetu. Tulichukua kipande cha msuli wa samaki, mgebuka wa asubuhi, tukakichambua kwa pini mbili hadi ukabaki uzi mmoja, tukaudondoshea rangi ya bluu ya methilini. Zikatokea alama za mistari, nyeusi na nyeupe, zimepangana kama mkeka. Kila mstari ni protini zilizokaa mahali pake. Wanafunzi 46 walipanga foleni, kwa sababu hadubini inayofanya kazi ni moja, na lenzi yake kubwa ina mkwaruzo.

Ombi letu ni hilo tu: lenzi moja, na hadubini ya pili ikiwezekana. Hatuombi maabara mpya, tumeambiwa tuombe kinachobebeka.

Mwenzetu aliyeumia ndiye atakayekutembeza, anatembea vizuri sasa. Tunakusihi uanzie meza ya dirishani. Hadubini yetu hutumia kioo na mwanga wa jua, na ikifika saa tisa jua linahamia upande wa pili wa jengo.

Tunaomba kuwasilisha.