Sindano ya jicho si moja, tuambiwe kabla ya kulipa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na hospitali zinazotibu macho hapa Dar es Salaam.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Tandika. Mwaka jana mstari wa chaki niliopiga kwa rula ulianza kunipindia katikati, na nikifumba jicho la kushoto, rula yenyewe naiona imepinda. Majirani wakakata shauri kuwa ni mtoto wa jicho (uswahilini kila mtu daktari). Hospitali wakanitia dawa ya kutanua mboni, daktari akachungulia. Lenzi haina neno, akasema. Sukari imeharibu mishipa midogo ya retina, utando ule wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Maji yanavuja na kuuvimbisha palepale katikati, tunapotegemea kwa kusoma na kutunga uzi. Tiba ni sindano ndani ya jicho.

Wanaoogopa niwatoe hofu. Unatiwa matone ya ganzi, halafu iodini, ambayo kwangu iliwasha kuliko sindano. Kope zinazuiwa kwa kijiwaya. "Mzee, tazama juu, usihame." Sindano inapita kwenye weupe wa jicho, pembeni ya mboni, na sekunde chache baadaye kazi imekwisha. Nilitoka naona viduara vyeusi vinaelea, kesho yake vikapotea.

Kilichoniudhi ni hesabu. Niliuza ovaloki yangu nikapata pesa ya sindano, nikalipa nikijua nimemalizana nao. Wakati wa kutoka nesi ananiambia, "Baba, tukutane mwezi ujao, uje na pesa ya nyingine." Nyingine ipi? Mama mmoja wa Mbagala, mwenyeji wa benchi lile, ndiye aliyenifafanulia: dawa inazuia kitu mwilini kinachofanya mishipa ivuje, lakini nguvu yake huisha baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana mwanzoni watu huchomwa kila mwezi, kisha daktari hupima na kuachanisha tarehe kadiri jicho linavyokwenda. Alinitajia pia watu walioacha njiani. Mmoja aliona vizuri akadhani amepona, mwingine hakuona tofauti akasema ameibiwa. Wote hawakuambiwa.

Na hospitali nazo zinaumia kwa ukimya huu. Dawa inayotumika sana kwa watu wa kipato changu ni bevacizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kutibu saratani ya utumbo mpana, madaktari wa macho wakaona inafaa kwao pia. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2013. Jicho linahitaji tone dogo tu, mililita 0.05, kwa hiyo chupa moja hugawanywa kwa usafi mkubwa kwa wagonjwa wengi, na bei inakuwa chini kuliko dawa nyingine za sindano hiyo, ranibizumab au aflibercept. Ndiyo sababu tunakusanywa siku moja. Wasipotokea watu, mgao unaharibika na waliokuja wanapigwa kalenda.

Ninachoomba ni karatasi moja, mgonjwa apewe kabla hajafika dirisha la malipo. Iandikwe atachomwa dawa gani, miezi ya mwanzo ajiandae kwa sindano ngapi, kila moja bei gani, na kama ana bima, inalipia hadi wapi. Mtu akijua hivyo atacheza mchezo wa kupeana na wenzake mapema, au atauliza ustawi wa jamii, kabla ya kuuza kitendea kazi chake. Nyuma ya karatasi iwekwe namba ya simu inayopokelewa hata Jumapili, maana maumivu makali, wekundu unaozidi au jicho kufifia baada ya sindano ni mambo ya kurudi hospitali saa hiyohiyo.

Na kliniki za sukari, jamani, mnatupima miguu kila tukija. Macho nayo yapimwe kila mwaka, hata kama mgonjwa hajalalamika.

Fundi cherehani,
Tandika, Dar es Salaam