Kwa rafiki yangu, kuhusu daftari na pambizo lake

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Yako niliipokea juzi nikaisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama pale ulipoandika kwamba umejaza madaftari matatu tangu muhula uanze, lakini jaribio la kwanza limekushinda, hivyo huenda huna kichwa cha chuo kikuu. Hilo silikubali hata kidogo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na madaftari ya namna hiyo hiyo, yaliyojaa kutoka jalada hadi jalada, mwandiko safi, tarehe juu ya kila ukurasa, na usiku wa kuamkia mtihani niliyafungua nikajiona kama ninayesoma kazi ya mtu mwingine. Hakuna aliyetufundisha kuandika noti. Shuleni mwalimu aliandika ubaoni nasi tukanakili, kisha tukafika chuoni tukakuta mtu anazungumza saa mbili mfululizo, naye haandiki chochote ila vichwa vya mada.

Jambo ambalo nimechelewa kulielewa, na ambalo ndilo hasa linalonifanya nikuandikie kwa urefu, ni kwamba noti nzuri huandikwa mara mbili: mara ya kwanza ndani ya mhadhara, mara ya pili siku hiyo hiyo baada ya mhadhara, na kazi za vipindi hivyo viwili hazifanani. Mimi na wewe tulijaribu kuzimaliza zote mbili tukiwa darasani, ndiyo maana hata moja haikukamilika.

Fikiria mwendo wa mkono wako. Mhadhiri anaweza kutamka maneno zaidi ya 100 kwa dakika moja, na hakuna kalamu inayoweza kumfuata. Ukijitahidi kumkimbiza, sikio linakuwa mtumwa wa mkono: unasikia maneno ili uyaandike, huyasikii ili uyaelewe, na anapofika kwenye hoja yenyewe wewe bado unamalizia sentensi ya nyuma. Siku hizi mimi huweka kalamu chini mpaka wazo litimie, kisha ndipo ninapoliandika kwa maneno yangu, kwa vifupisho vyangu, hata kama sentensi haina mwisho. Yaliyomo kwenye slaidi siyanakili, kwa kuwa slaidi nitazipata baadaye. Ninachokamata ni yale yasiyokuwemo: mfano alioutoa kwa mdomo, sababu aliyoieleza kwa nini jambo liko hivyo, mahali aliporudia mara mbili au aliposema kuwa wengi hukosea. Nikipotea, naweka alama ya kuuliza, naruka mistari minne, na kuendelea naye. Zamani nilikuwa naogopa nafasi tupu katika daftari. Sasa naziona ni za lazima.

Umeniuliza pia kama uache kalamu uanze kuandika kwa kompyuta mpakato, kwa sababu wenzako wengi wamefanya hivyo. Mwaka 2014 watafiti wawili nchini Marekani, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi waliotazama mihadhara iliyorekodiwa. Waliotumia kompyuta waliandika maneno mengi zaidi na kunakili neno kwa neno, lakini katika maswali yaliyohitaji kuelewa dhana walifanya vibaya kuliko waliotumia kalamu. Katika jaribio mojawapo waliambiwa waziwazi wasinakili, na bado walinakili. Nakueleza kwa uaminifu kwamba majaribio yaliyorudiwa miaka iliyofuata yalithibitisha huko kunakili, ila tofauti ya alama haikuonekana wazi kama mwanzo. Kwa hiyo simlaumu anayetumia kompyuta. Kwako wewe, ambaye tatizo lako ni kuandika kupita kiasi, ningependa ubaki na kalamu angalau muhula huu, kwa kuwa uzito wa mkono utakulazimisha kuchagua.

Sasa kipindi cha pili, ambacho sikuwa nacho kabisa na ambacho kimenibadilishia masomo. Katika miaka ya 1950, Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell alibuni namna ya kuugawa ukurasa ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la chuo hicho. Unapiga mstari wa wima, ukiacha upande wa kushoto pambizo la inchi mbili na nusu hivi, na chini ya ukurasa unaacha nafasi ya inchi mbili. Darasani unaandika upande wa kulia peke yake. Jioni unarudi, unasoma ulichoandika, na katika pambizo la kushoto unaandika maswali ambayo majibu yake yako kulia. Kisha chini unaandika kiini cha ukurasa mzima kwa sentensi mbili au tatu.

Wengi huishia kupiga mstari na kujaza pambizo kwa vichwa vya mada, na hapo njia yote inapoteza nguvu. Chukua somo lako la baiolojia ulilolitaja, lile la osmosisi. Ukiandika pambizoni neno «Osmosisi» peke yake, jicho litalipita na moyo utaridhika kwamba unalijua. Lakini ukiandika «Kwa nini seli nyekundu ya damu hupasuka ikiwekwa katika maji matupu, na seli ya mmea haipasuki?», hutaweza kulipita bila kujibu. Itakubidi ueleze kwamba maji huvuka utando kuelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka, kwamba seli hujaa na kuvimba, na kwamba seli ya mmea ina ukuta mgumu unaoihimili. Swali moja limekusanya nusu ukurasa. Tena utagundua papo hapo pale usipoelewa, kwa sababu swali zuri haliwezi kutungwa juu ya jambo ambalo hukulielewa. Mimi hushindwa kutunga swali mara mbili au tatu katika kila mhadhara, na hayo ndiyo mambo ninayompelekea mhadhiri kesho yake, badala ya kumwambia kwa ujumla kwamba somo ni gumu.

Kwa nini jioni ile ile? Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha matokeo: baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi yake ya kukariri ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja kilichobaki kilikuwa kama theluthi. Somo lenye maana halitoweki upesi kama silabi tupu, lakini vifupisho vyako na nafasi ulizoziacha wazi hutegemea kumbukumbu ya siku ile. Nafasi ambayo jioni utaijaza kwa dakika moja, baada ya wiki mbili hutakumbuka hata ilikuwa ya nini.

Baada ya hapo usisome noti zako. Funika upande wa kulia kwa karatasi ujibu maswali ya kushoto, kwa sauti au kwa kuandika, kisha ufunue ujisahihishe. Najua utaona ni kazi ngumu na kwamba kusoma tena kunatuliza zaidi. Hata mimi nilidanganywa na utulivu huo. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, katika majaribio waliyochapisha mwaka 2006, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi. Baadhi walivisoma tena, wengine walijipima kwa kuandika walichokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani wetu hauji baada ya dakika tano. Mimi hujibu pambizo jioni ile, nikarudia baada ya siku tatu hivi, kisha baada ya wiki, na maswali yanayonishinda mara mbili nayahamishia kwenye kadi ndogo ninazotembea nazo.

Kuhusu hisabati, ambayo umesema ndiyo inayokuumiza zaidi, pambizo lina kazi nyingine. Hapo usitunge maswali ya maelezo. Kando ya kila hatua andika sababu ya hatua hiyo. Hata katika jambo dogo kama kutatua x² + 6x = 7, mhadhiri anaongeza 9 pande zote mbili na kuendelea, na wewe unanakili 9 bila kujua imetoka wapi. Andika kando: «nusu ya 6 ni 3, na 3 kipeo cha pili ni 9, ili kushoto kuwe (x + 3)²». Nyumbani funika hesabu yote, ubaki na swali na zile sababu, uifanye upya hadi upate 1 na −7. Ukishindwa kuandika sababu ya hatua fulani, hapo ndipo ulipokwama, hata kama jibu lako la mwisho ni sahihi.

Juu ya kalamu za rangi sina mengi: kupaka rangi sentensi si kuisoma. Na kurekodi sauti, ukiruhusiwa, kutakufaa kwa zile sehemu ulizotia alama ya kuuliza tu, maana hakuna mwenye muda wa kusikiliza mhadhara mzima mara mbili.

Usiyatupe yale madaftari matatu, wala usijaribu kuyaandika upya yote. Utachoka kabla ya kufika katikati. Anza na mhadhara wako ujao. Chukua ukurasa mmoja, piga mstari wake, jaza pambizo jioni hiyo, kisha unitumie upande wa kushoto peke yake. Nami nitakuandikia nikikuuliza maswali yako mwenyewe, pamoja na mengine nitakayoyaongeza, nawe utanijibu bila kufungua daftari.

Nasubiri ukurasa huo kwa hamu.

Wako daima,
Rafiki yako