Filamu ya Lincoln na nafasi ya Frederick Douglass

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie filamu ya Lincoln ya mwaka 2012, inayomhusu Rais Abraham Lincoln wa Marekani, inayoonesha kwa ustadi jinsi Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo lilivyobishana kuhusu marekebisho ya 13 ya katiba, yaliyokusudiwa kukomesha utumwa, hadi yakapitishwa tarehe 31 Januari 1865 kwa kura 119 dhidi ya 56. Mbunge Thaddeus Stevens, aliyeamini kwa dhati usawa wa watu wote, anaonekana akijizuia kuutamka bungeni ili kura zisipotee, na hapo ndipo filamu ina uzito mkubwa.

Kinachonisikitisha ni kwamba Frederick Douglass, mwanaharakati mweusi wa kupinga utumwa, aliyezaliwa mtumwa, akatoroka mwaka 1838, na ambaye mwaka 1863 alifika Ikulu kumdai Lincoln haki za askari weusi, hayumo kabisa. Ukiacha askari wachache wanaosema mwanzoni, watu weusi wanaonekana zaidi wakiwa watumishi, au wakiwa wameketi roshani kusikiliza wengine wakiamua hatima yao, ilhali walikuwa wameandika, wamehutubu na kumwaga damu vitani kwa ajili ya uhuru huo.

Naviomba vituo vya televisheni vinapoirusha filamu hii vitenge muda wa kumweleza Douglass kwa watazamaji.

Msomaji wako,
Dar es Salaam