Mbona mwanangu hajapewa daftari?

"Mwalimu, mwezi wa pili huu nalipa ada, mtoto anarudi na mchanga mfukoni tu. Ataandika lini?"

Swali hili tunaulizwa kila muhula hapa kituoni kwetu Pasua, Moshi, hasa na mzazi ambaye mtoto wa jirani, miaka 3, ameshajaza kurasa za a, e, i, o, u. Tunamwelewa. Ada ni hela, na daftari linaonekana.

Asubuhi tunamwaga vizibo vya soda mkekani. Kabla ya kugusa, kila mtoto anasema atafanya nini. Juzi mmoja alipanga vyekundu 9, akahesabu 10, akarudia mara tatu mpaka akagundua kimoja anakihesabu mara mbili. Hakuna aliyemwambia amekosea. Kisha akatueleza alichofanya, kwa madaha kweli. Na vidole vile vinavyobana kizibo ndivyo vitakavyoshika penseli.

Mtindo huo wa kupanga, kufanya, kisha kueleza hatukuubuni sisi. Umetokana na mradi wa Perry ulioanza 1962 mjini Ypsilanti, Michigan, Marekani. Watoto 123 wa familia maskini waligawanywa, wengine wakapata shule ya awali, wengine wakakosa, wakafuatiliwa hadi umri wa miaka 40. Katika vipimo vya akili, waliosoma awali waliwapita wenzao mwanzoni, lakini baada ya miaka michache ya shule ya msingi wakalingana. Waliomaliza sekondari je? Asilimia 77 ya waliosoma awali, 60 ya wenzao. Mwalimu pia alikuwa akiwatembelea nyumbani kila wiki, na mimi naona hapo ndipo penye siri. Sisi kila wiki hatuwezi. Tunakuja mara moja kwa muhula, na usihangaike na chai.

Ila si kila darasa la awali linasaidia. Kule Tennessee, jimbo jingine la Marekani, walifuatiliwa watoto karibu 3,000, na waliopita madarasa ya awali ya serikali walikutwa nyuma ya wenzao walipofika darasa la sita. Kwa hiyo akikuahidi mtu kwamba mwanao atakuwa wa kwanza mpaka darasa la saba, muulize kwanza watoto wanashindaje humo ndani.

Kwetu njoo saa tatu asubuhi, wakati wa vizibo, ukae mkekani uangalie. Ukimwandikisha, lete nguo za kubadilisha. Ijumaa tunafinyanga udongo.