Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: karatasi za Historia zisahihishwe upya

Mheshimiwa Afisa Elimu wa Wilaya,

Salamu za heshima. Naandika hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako hazijajibiwa, na la juma lililopita limenishinda kunyamazia.

Binti yangu amerudi na karatasi ya mtihani. Aliulizwa chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akajaza ukurasa mzima. Alitaja Ujerumani kuinyang'anya Ufaransa Alsace na Lorraine mwaka 1871, Austria kujifunga na Ujerumani mwaka 1879, Ufaransa na Urusi nazo kuungana mwaka 1894, Uingereza kuzindua manowari ya Dreadnought mwaka 1906 na mbio za kuunda manowari zikapamba moto, na magomvi ya Ujerumani na Ufaransa juu ya Moroko ya 1905 na 1911. Kalamu nyekundu imefuta yote. Pembeni pameandikwa: "Kuuawa kwa Franz Ferdinand." Sifuri.

Mheshimiwa, kwamba Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914 hakuna anayebisha. Lakini hata ugomvi wa Austria na Serbia haukuanza siku hiyo. Austria ilishaitwaa Bosnia mwaka 1908. Na kifo hicho peke yake kinaelezaje manowari ya Uingereza kupiga mizinga mnara wa redio Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914? Waingereza na Wajerumani walikuwa wameshagawana nchi zetu kwa mikataba ya 1886 na 1890. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha mlango wa ukanda huu kutoingizwa vitani, na mlango huo haukuheshimiwa. Mimi naamini Wajerumani walijiona wamepunjwa makoloni, na Waingereza waliogopa kupokonywa bahari. Hofu hiyo ililelewa miaka mingi.

Kwetu Ugogo jambo hili si la kukariri. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua na vijana wa kubeba mizigo. Ikafuata njaa ya Mtunya. Babu wa baba yangu alikwenda upagazini hakurudi, na kaburi lake hatulijui. Bibi yangu alikuwa akikung'uta kinu mpaka punje ya mwisho ya mtama, akilitaja jina la njaa ile. Kitukuu wake anaandika kwamba vita vile vilikuwa na mizizi ya kikoloni, anapewa sifuri!

Kwenye kikao cha wazazi ulisimama ukaahidi kwamba mwongozo wa usahihishaji utapitiwa na walimu wa somo kabla ya mtihani. Tulikupigia makofi. Nani aliupitia?

Nilitaka kuomba vitabu, nilitaka kuomba na ramani. Hayo nayaacha. Naomba karatasi zile zisahihishwe upya, za watoto wote, kabla shule hazijafungwa. Zisahihishwe upya, Mheshimiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Dodoma