Umeme wa domodomo si wa kumpiga mtu

Mhariri,

Naomba nafasi nimsahihishe msomaji ambaye, katika barua yake ya wiki iliyopita, aliwaonya wavuvi wa Ghuba ya Winam wajihadhari na domodomo, yule samaki mwenye mdomo mrefu kama mkonga wa tembo, akidai kwamba umeme wake unaweza kumwangusha mtu mtumbwini. Umeme anao, lakini wa kumwangusha mtu hana. Nadhani alimchanganya na kambare wa umeme wa mto Nile, ambaye hutoa volti 300 na zaidi.

Umeme wa domodomo hutoka katika ile sehemu nyembamba iliyo kabla tu ya pezi la mkia. Hapo pana seli bapa zilizotokana na misuli ambazo, baada ya kuacha kazi ya kukaza na kulegea, zimebaki na ile ya kutoa umeme tu, nazo zimepangwa moja nyuma ya nyingine kama betri ndani ya tochi ili kidogo cha kila moja kijumlishwe na cha mwenzake. Amri hutoka chini ya ubongo, hushuka kwa uti wa mgongo, na seli zote huitikia kwa pamoja. Katika baadhi ya jamaa zake mpigo mmoja haufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Hata wanaojua hayo huchanganya mambo mawili ambayo samaki hawa huyabadilisha. La kwanza ni mwendo wa mapigo, ambao hupangwa na ubongo papo hapo: akipumzika mchana hupiga machache yasiyo na mpangilio, akitafuta mabuu ya wadudu matopeni usiku huyaharakisha, kwa kuwa kila mpigo humwonyesha kwa ngozi yake kilicho karibu, na akishtuka hunyamaza kabisa. La pili ni umbo la mpigo wenyewe, yaani urefu wake na jinsi unavyopanda na kushuka. Hilo halibadiliki kwa haraka hivyo, kwani hutegemea jinsi seli zilivyojengwa na jinsi utando wake unavyopitisha chembe za sodiamu na potasiamu. Kila aina ina umbo lake, mithili ya lafudhi, na kwa hilo samaki humtambua wa kabila lake katika maji ya tope. Katika aina kadhaa, msimu wa kuzaana ukifika, homoni za kiume hurefusha mpigo wa dume. Na mwaka 1983 watafiti Andrew Bass na Carl Hopkins walionyesha kwamba jike akipewa homoni hizo, mpigo wake nao hurefuka ukafanana na wa dume. Hapo si amri iliyobadilika. Ni seli za mkiani.

Anayeshuku hahitaji maabara. Nilipokuwa nikifundisha, tulimtia domodomo hai ndani ya karai la plastiki, tukatumbukiza ncha za nyaya mbili na kuziunganisha na amplifaya ya betri na spika. Ilisikika milio mikavu, ta, ta-ta, ta, na mwanafunzi alipogonga karai, ikakatika.

Mwalimu mstaafu,
Kisumu