YAH: Vichupa A na B vya seti ya I-TevI vina kitu kimoja

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hii. Naandika kwa niaba ya maabara ya kufundishia ninayoisimamia, ambayo mwezi uliopita ilinunua kwenu seti tatu za mafunzo za I-TevI, kimeng'enya cha kukata DNA cha bakteriofaji T4 (faji, yaani virusi vinavyoambukiza bakteria). Kuhusu usafirishaji sina neno: barafu kavu ilikuwa bado ipo sandukuni na kimeng'enya kiliingia kwenye friza siku hiyohiyo. Ninacholalamikia ni kichupa kilichoandikwa "Plasmidi A" (plasmidi ni duara dogo la DNA), na hata kuliko kichupa, ni majibu niliyopewa nilipouliza.

Karatasi iliyomo sandukuni inasema Plasmidi A ina jeni ya T4 iitwayo td isiyo na introni, yaani kipande cha DNA kilichojipenyeza katikati ya jeni, na Plasmidi B ina jeni hiyohiyo pamoja na introni yake. Somo zima limesimama juu ya tofauti hiyo. Mwanafunzi anachanganya kimeng'enya na kila plasmidi, anaendesha jeli ya agarosi inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu, anaona A imekatwa na B imebaki nzima. Wanafunzi wetu 24, katika makundi sita, waliona A nzima na B nzima. Kwanza nililaumu pipeti. Lakini makundi sita hayakosei pipeti kwa namna moja. Tulirudia kwa seti ya pili, yakawa yaleyale.

Ndipo tukafanya kazi ambayo nilidhani imeshafanywa na ninyi kabla sanduku halijafungwa. Tulichukua praima mbili, vipande vifupi vya DNA vinavyokaa upande huu na upande ule wa mahali introni inapoingia, tukapima kwa PCR, njia ya kunakili kipande kilicho kati yake mara nyingi. Kipande cha B kilitakiwa kukizidi cha A kwa besi ("herufi" za DNA) 1,016, yaani urefu wa introni ya td. Vikatoka sawasawa, na vyote virefu. Tulipopeleka kusoma mfuatano wa DNA, mambo yakawa wazi: ndani ya kichupa A mmewekwa plasmidi B.

Naomba msilichukulie hili kama kosa la lebo tu. I-TevI ni endonukleasi ya homingi, yaani kimeng'enya kinachokata DNA ili jeni yake ihamie hapo, nayo haifanyi kazi kama EcoRI, kimeng'enya cha bakteria mnachotuuzia kila muhula, kinachotambua besi sita tu. I-TevI hutambua kipande kirefu cha besi zipatazo 37, na mwili wake una sehemu mbili zilizoungwa na kiungo chembamba: moja ya kushika, nyingine ya kukata. Sehemu ya kushika hukaa palepale introni inapoingia. Sehemu ya kukata hufika nyuma kidogo, besi 23 na 25 kabla ya hapo. Introni ikishaingia, pa kushikia pamepasuliwa katikati. Kwa hiyo DNA yenye introni husalimika na DNA isiyo nayo hukatwa. Faji mbili za aina hizi zikiingia ndani ya bakteria mmoja, iliyokatwa hulazimika kujikarabati kwa kunakili kutoka kwa mwenzake, na katika kunakili huko huibeba introni pamoja na jeni ya kimeng'enya iliyomo ndani yake. Huo ndio ujanja niliotaka wanafunzi wauone kwa macho. Kwa vichupa vyenu, walichokiona ni kimeng'enya kisichokata kitu.

Sasa nije kwenye majibu. Mhudumu wenu aliniandikia kwamba Plasmidi A "ina jeni kamili ya td kutoka T4, kwa hiyo lazima ikatwe", akanishauri niongeze kiasi cha kimeng'enya na niwafundishe upya wanafunzi kutumia pipeti. Ndugu Meneja, jeni kamili ya td kutoka T4 ndiyo yenye introni! Hilo linajulikana tangu 1984, Marlene Belfort na wenzake jimboni New York walipotangaza kuikuta introni ndani ya jeni hiyo, mahali ambapo hakuna aliyeitarajia, kwenye virusi vya bakteria. T4 haidhuriki nayo kwa sababu RNA yake, nakala ya jeni hiyo, hujikata yenyewe na kuitoa introni kabla protini haijatengenezwa. Kwa maneno mengine, sentensi ile ya mhudumu wenu ilikuwa tayari imekiri kosa, na bado akaniambia kosa ni la mikono ya wanafunzi wangu. Nilimtumia picha za jeli na faili la mfuatano. Akanirudishia ushauri uleule, neno kwa neno, safari hii ukiwa na alama ya tabasamu mwishoni.

Ili pasiwe na ubishi juu ya kimeng'enya chenyewe: tuliagiza kwingine, kwa fedha zetu, kipande cha DNA ambacho mwisho wa eksoni ya kwanza (eksoni ni sehemu za jeni zilizo kila upande wa introni) umeunganishwa moja kwa moja na mwanzo wa eksoni ya pili. Tulitumia kichupa chenu kilekile cha I-TevI na bafa yenu ileile. Kilikata vizuri, mistari miwili safi kwenye jeli. Kimeng'enya chenu ni kizima, na hapo nawapa haki yenu.

Mwongozo wa seti nao unahitaji mtu wa kuupitia. Ukurasa wa kwanza unakiita I-TevI "kimeng'enya kinachomkinga bakteria dhidi ya faji". Hapana, hiyo ndiyo kazi ya vimeng'enya kama EcoRI. I-TevI ni mali ya faji, nacho hupigania introni yake. Mchoro wa ukurasa wa tatu unaonyesha mkato ukitokea pale pale introni inapoingia, kosa ambalo litamfanya mwanafunzi akosee hesabu ya urefu wa vipande. Mbele kidogo mmeandika kwamba T4 ina jeni tatu za endonukleasi za homingi. Tatu ni zile zilizomo ndani ya introni. Jumla ni 15, na nyingine 12 hukaa huru kati ya jeni za kawaida, zile ziitwazo seg na mob. Na pale mnaposema jeni hizi "hazina athari yoyote kwa faji", basi mnapochapa upya msiipite kazi iliyotoka 2024 kutoka Chuo Kikuu cha California, San Diego, kuhusu phiPA3 na phiKZ, faji mbili kubwa za bakteria Pseudomonas aeruginosa. Endonukleasi iliyomo ndani ya introni ya phiPA3 huikata jeni muhimu ya phiKZ zinapoambukiza seli moja, na phiKZ hushindwa kuunda vizazi vyake ipasavyo. Athari gani tena inatafutwa?

Ninachodai ni hiki. Mtuletee Plasmidi A halisi kwa seti zote tatu, ikiwa na karatasi ya mfuatano wa bachi hiyohiyo, wala si picha ya ramani iliyotolewa kwenye kompyuta. Mturudishie gharama ya kipande cha DNA tulichokiagiza na ya kusoma mfuatano, risiti nimeambatisha. Na muwaandikie wateja wengine waliochukua bachi hii. Nina hakika kuna mwalimu mahali fulani aliyekwisha kuwakata wanafunzi wake alama kwa jeli ambayo haikuwa kosa lao, kama nilivyokaribia kufanya mimi.

Kichupa A cha seti ya tatu hakijafunguliwa. Kipo kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, na muhuri wenu juu yake. Mkitaka kukipima wenyewe, tumeni mtu aje kukichukua. Muhula wetu unafungwa baada ya wiki tano na zoezi hili limo kwenye mtihani wa vitendo, kwa hiyo naomba majibu ndani ya siku 10 za kazi, na yaandikwe na mtu aliyeufungua mfuatano na kuusoma.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa maabara ya kufundishia

Viambatisho: picha tano za jeli, faili la mfuatano wa vichupa A na B, risiti mbili, nakala ya mawasiliano na mhudumu wenu.